Nani ampishe nani kwenye zebra?

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, nakaa Mbezi Beach na naenda kazini kwa gari langu dogo kila siku. Jumanne iliyopita asubuhi, Barabara ya Bagamoyo, nilisimama kwenye zebra kuwapisha watoto wawili wa shule. Nilikuwa leni ya kushoto. Walipofika mbele ya boneti nikawapungia mkono wapite haraka. Ghafla bodaboda ikatokea nyuma, ikanipita kulia kwa kasi na kumkosa mtoto wa mbele kwa shubiri moja. Begi lake lilianguka chini. Dereva aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi, akashusha kioo na kuniambia kuwa mimi ndiye ningewaua wale watoto kwa kusimama mahali ambapo magari yanatembea. Maneno yake hayajanitoka mpaka leo. Je, nilikosea? Kisheria nani anatangulia pale, gari au mtembea kwa miguu? Na pasipo na zebra, au kwenye mataa na kipilefti, inakuwaje? Mwanangu wa kwanza anaingia darasa la tatu na atakuwa anavuka barabara hiyo hiyo. Nimfundishe nini?"

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa mshtuko, na pole zaidi kwa yule mtoto. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi: hukukosea kusimama. Ulifanya kile sheria inachokuagiza. Aliyekosa ni mwendesha bodaboda, na yule aliyekutukana alikuwa anamtetea mkosaji. Lipo jambo moja ulilolifanya baada ya kusimama ambalo nakuomba usilirudie. Nitalifikia.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani, ile ya mwaka 1973, Sura ya 168, haina kigugumizi kuhusu zebra. Zanzibar wana sheria yao, lakini adabu ya kivuko ni ile ile. Dereva anapokikaribia kivuko cha waenda kwa miguu anatakiwa apunguze mwendo kiasi cha kuweza kusimama. Aliyekwisha kukikanyaga kivuko apishwe. Na gari lililosimama au linalopunguza mwendo mbele ya kivuko halipitwi, na anayekatazwa kulipita ni kila mwenye chombo, awe wa lori au wa pikipiki. Hilo la mwisho wengi hawalijui, wakiwemo wenye leseni za miaka ishirini, nami ndilo ninaloliogopa kuliko mengine yote yanayotokea barabarani.

Tuna methali isemayo mwenye nguvu mpishe. Katika barabara zetu imegeuka kuwa sheria isiyoandikwa. Mkokoteni unaipisha bajaji, bajaji inaipisha daladala, daladala inaipisha semitrela, na mtembea kwa miguu anavipisha vyombo vyote hivyo. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni anaweza kusimama ukingoni dakika kumi akisubiri magari yaishe, na hakuna anayeona ajabu. Zebra imechorwa ili kuipindua methali hiyo. Pale kwenye mistari myeupe mwenye nguvu ndiye ampishe dhaifu, kwa sababu kati yao wawili ni mmoja tu anayeweza kumuua mwenzake.

Kitenzi chenyewe kina la kutufundisha. Unaweza kupita peke yako, lakini ili upishe lazima awepo mwingine. Ukiisoma sheria kwa utulivu utaona kwamba katika mambo haya kazi yake kubwa ni kumwagiza mtu apishe. Kwa hiyo swali lako la nani anatangulia naligeuza liwe hivi: mahali hapa, nani anapaswa kupisha? Ukishampata huyo, umemjua na wa kutangulia. Na aliyepaswa kupisha akikaidi, wewe uliyestahili kupishwa hujapata ruhusa ya kuendelea kana kwamba hayupo. Nimewaona madereva waliogonga watu huku wakisema kwa uhakika kabisa, "Lakini njia ilikuwa yangu." Ilikuwa yao kweli.

Nikueleze kwa nini habari yako imenigusa. Mwaka 1998 nilikuwa naendesha pikapu ya mizigo kwenye Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere. Mbele yangu, leni ya kushoto, lori lilisimama. Nikadhani linashusha mtu, au limeharibika. Leni yangu ilikuwa nyeupe kabisa, sikuona sababu ya kuondoa mguu kwenye mafuta. Nilipofika usawa wa kichwa cha lori akatokea kijana na sinia la karanga. Zebra ilikuwepo, ila lori lilikuwa limeniziba nisiione, nisimwone na yeye. Nilimvunja mguu. Alipona, lakini alilala hospitalini wiki nyingi, nami nilikuwa naenda kumwangalia kila Jumapili, na kila Jumapili mama yake ananiuliza swali lile lile kwa upole: "Baba, hukuona kama wenzako wamesimama?" Nilikuwa nimeona. Nilichoshindwa ni kujiuliza wamesimama kwa ajili ya nani. Nikaacha mizigo, nikaenda kusomea ufundishaji wa udereva, na somo hili nimelifundisha mpaka leo.

Basi, kwako imetokea upande wa pili wa habari ile ile: wewe ulikuwa lile lori. Ukisimama kwenye barabara yenye leni mbili kwa upande mmoja, gari lako linakuwa ukuta. Mtoto wa darasa la pili hafikii hata kimo cha boneti ya gari kubwa. Anayekuja leni ya kulia hamwoni mtoto, na mtoto hamwoni anayekuja, mpaka watakapokutana ukingoni mwa ukuta huo. Ndiyo maana kusimama kwenye zebra ni kazi yenye ufundi wake, na ufundi huo unaanza mbali kabla breki haijakanyagwa.

Hebu tupige hesabu. Kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo katika maeneo ya makazi, ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva aliye makini hutumia kama sekunde moja kati ya kuona jambo na kukanyaga breki. Mita 14 zimekwenda kabla gari halijaanza hata kupungua, na lami ikiwa kavu na tairi zikiwa si kipara, zinahitajika nyingine kama 14 gari lisimame. Jumla mita 28, yaani daladala nne za Coaster zilizopangwa mkia kwa pua. Ukiwa kwenye 80, mambo hayaongezeki kidogo kidogo: mita 22 za kushtuka na 35 za breki, jumla 57, Coaster nane. Ukiwa kwenye 30 unahitaji mita 13 tu. Ukilowa tu mji, ongeza kwenye kila tarakimu niliyokupa. Sasa jiulize yule wa bodaboda aliyekuwa anakuja na 60 au 70 angeweza kufanya nini baada ya kumwona mtoto akichomoza kwenye boneti yako akiwa hatua nne mbele. Hakuna. Kosa lake alilifanya mita hamsini nyuma, pale alipoona taa zako za breki na kuzichukulia kama nafasi ya kukuovateki.

Kwa hiyo safari nyingine, ukimwona mtu amesimama ukingoni kwenye zebra, anza kwa kutazama kioo cha kati na cha kulia. Mguu uguse breki mapema na kwa upole ili taa nyekundu ziwake na wa nyuma azione mara mbili tatu kabla hujasimama kabisa. Kama dirisha liko wazi, toa mkono wa kulia nje, kiganja kikitazama chini, uushushe na kuupandisha taratibu. Ishara hiyo imo kwenye mafunzo ya kila dereva wa nchi hii, ingawa imesahaulika. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo mkono wako unaonekana hasa na yule wa leni ya kulia unayemhofia. Halafu simama nyuma. Usiipeleke pua ya gari mpaka kwenye mistari. Acha hatua tano au sita za mtu mzima. Nafasi hiyo ndiyo dirisha. Mtoto akifika mwisho wa boneti yako ataweza kuchungulia na kuiona leni ya pili, na anayekuja leni ya pili atamwona mtoto mapema. Madereva wengi husogea karibu kwa kudhani wanaonyesha heshima. Wanazidi kumziba.

Na sasa lile jambo. Uliwapungia mkono wapite haraka. Najua ulifanya kwa huruma, lakini mkono wako haukuwa na mamlaka juu ya leni isiyo yako. Mtoto akiona mtu mzima ndani ya gari anamwambia pita, anaamini barabara nzima imesimama. Anakimbia, na anayekimbia hachungulii. Kazi yako iwe kusimama, kutulia na kuweka breki ya mkono ikibidi. Mwache mvukaji aamue mwenyewe saa ya kuvuka na mwendo wa kuvukia, hata akichelewa. Ukiona kwenye kioo kwamba kuna kinachokuja kwa kasi kulia kwako, basi mkono huo huo uutumie kumzuia mvukaji, kiganja kikiwa kimefunguka mbele yake, na honi upige. Honi ya namna hiyo haina ubaya wowote.

Kuhusu yule wa nyuma yako: kuacha nafasi kati yake na gari la mbele ni wajibu wake. Hata angekugonga, swali la kwanza la trafiki akifika kupima ajali lingekwenda kwake, kwa nini alikuwa karibu kiasi hicho. Usikubali honi ya mtu wa aina hiyo ikuondoe kwenye zebra kabla mvukaji hajamaliza.

Pasipo na zebra mambo yanabadilika, ila si kwa kadiri madereva wanavyotaka kuamini. Hapo mtembea kwa miguu ndiye anayetakiwa asubiri nafasi, avuke kwa kunyooka, asizubae katikati. Kama kivuko au daraja la waenda kwa miguu liko karibu, alitumie. Barabara isiyo na njia ya miguu, atembee upande wa kulia akiyatazama magari yanayomjia, jambo ambalo vijijini linaokoa watu wengi usiku. Lakini aliyevuka mahali pasipo pake hajageuka kuwa swala wa kuwindwa. Dereva bado ana wajibu wa kumwepuka kadiri awezavyo, na mahakamani ataulizwa mwendo wake ulikuwa upi, taa zake ziliwaka, alikuwa anatazama wapi. Nalisema hili kwa sababu nimesikia vijiweni kwamba ukimgonga mtu nje ya zebra "hauna kesi". Unayo.

Kuna mahali pengine ambapo mtembea kwa miguu anapishwa ingawa hakuna hata tone la rangi chini, na karibu kila siku naona akinyang'anywa. Unatoka barabara kuu ya lami, unakata kona kuingia mtaani. Pale mdomoni mwa mtaa kuna kijiwe cha bodaboda, mama anakaanga mihogo, na watu wanapita kuendelea na njia yao sambamba na barabara kuu. Wao wanakwenda mbele moja kwa moja. Wewe ndiye unayebadili uelekeo na kuwakatisha. Aliyekwisha kuanza kuvuka mdomo wa mtaa ule mpishe. Hali ni hiyo hiyo ukitoka sheli au getini kwako ukakatisha njia ya miguu. Njia ile ni ya wenye miguu, wewe ni mgeni unayebisha hodi.

Kwenye mataa, kijani maana yake ni kwamba unaruhusiwa kwenda kama mbele pako wazi. Unayekata kulia unawapisha wanaokuja moja kwa moja kutoka mbele, isipokuwa umewashiwa mshale wako. Unayekata kona, iwe kulia au kushoto, unawapisha watu waliokwisha kuanza kuivuka barabara unayoiingia, kwa sababu mara nyingi nao wamewashiwa kijani wakati huo huo. Ile leni ya pembeni ya kukatia kushoto, iliyotengwa na mataa, nakuomba uiheshimu sana. Dereva akifika pale shingo yake yote iko kulia akitafuta mwanya wa kuchomekea, kumbe mtu anavuka kutokea kushoto kwake, nusu mita kutoka kwenye bampa. Tazama kushoto kabla hujaondoa breki, hata kama umeshatazama. Na trafiki akiwa amesimama katikati, mkono wake unashinda taa. Taa inaweza kuwa kijani kibichi, yeye akikwambia simama, simama.

Kipilefti ni rahisi kuliko kinavyoogopwa. Jina lenyewe limetokana na amri ya Kiingereza ya kumtaka dereva akae kushoto, na humo ndani sheria ni moja: aliye kulia kwako, ambaye yumo tayari kwenye mzunguko, anapishwa na anayeingia. Pale Sanamu ya Askari, Samora, ukisimama nusu saa utaona tatizo halipo kwenye kuingia, lipo kwenye kutoka. Dereva akishapata upenyo anakanyaga mafuta kwa furaha, na zebra iko pale pale mlangoni mwa barabara anayotokea. Kanuni hiyo ya mkono wa kulia ndiyo unayoitumia pia kwenye njia panda isiyo na kibao, taa wala barabara kubwa na ndogo: mpishe anayetokea kulia kwako. Anayetoka barabara ndogo kuingia kubwa anasubiri, kibao kiwepo au kimeibwa.

Nigusie taa za magari, maana kwetu zimekuwa lugha yenye maana mbili. Mtu akikupiga full, mmoja anamaanisha "pita, nimekuachia", mwingine anamaanisha "kaa hapo, napita mimi", na wa tatu anakuonya kwamba mbele kuna tochi. Usivuke wala usikate kona kwa kuamini full. Subiri uone magurudumu yanapungua. Hazadi nazo zimetungiwa maana ya "naenda moja kwa moja" kwenye njia panda. Maana hiyo haipo. Aliye kushoto kwako anaona taa moja tu ya kushoto ikiwaka na kuzima, anadhani unakata kona kuja kwake, anaingia. Kama unakwenda moja kwa moja, usiwashe chochote.

Umesema unaishi upande wa Bagamoyo, lakini najua siku ukipita Barabara ya Morogoro utakutana na mwendokasi, na mwanao siku moja naye atavuka kwenda kituoni. Tangu mabasi yale yaanze mwaka 2016 barabara ile imekuwa kama barabara tatu zilizolala pamoja. Unavuka magari ya kawaida yanayotoka kulia, unafika katikati, na hapo kuna mabasi ya kulia na mabasi ya kushoto, kisha magari ya kawaida tena kutoka kushoto. Mtu aliyezoea barabara za zamani akifika katikati huona pametulia, akapumzisha macho, na hapo katikati ndipo basi linakuja bila foleni ya kulipunguza mwendo. Ivuke barabara hiyo kwa vipande. Kila ukingo ni mwanzo mpya wa kutazama. Na usiingize gari kwenye njia yake, hata foleni iwe na urefu gani. Anayevuka pale anatazamia basi, hakutazamii wewe.

King'ora cha ambulensi, zimamoto au polisi kinapishwa na wote. Sogea kushoto, simama, usimfuate mkia akishapita. Na kama una jamaa anayeendesha malori ya kwenda Rwanda, mkumbushe kwamba akivuka Rusumo anahamia kulia kwa barabara, na miguu yake mwenyewe ihame pia: akishuka kwenda kununua chai, gari la kwanza litamjia kutoka kushoto.

Sasa mwanao. Usianze na sheria, anza na macho. Mtoto wa miaka minane au tisa ana akili nzuri, ila bado hajaweza kupima kasi ya gari kama unavyoipima wewe. Anaona liko mbali, haoni kwamba linakuja haraka. Kwa hiyo usimwambie "vuka gari likiwa mbali". Mwambie avuke gari likiwa limesimama. Mfundishe kutazama magurudumu badala ya sura ya dereva, kwa sababu dereva anaweza kutabasamu huku tairi zinazunguka. Afike ukingoni, asimame kabisa, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa maana wa kwanza kumfikia anatoka kulia. Pale kushoto asipaharakishe. Bodaboda hupita upande usio wake kila siku.

Halafu mfundishe lile lililowakuta wale watoto wawili. Gari la leni ya kwanza likisimama, atembee mpaka mwisho wa boneti yake, na hapo asimame tena. Mguu usitoke. Achungulie leni ya pili, na akiona imesimama au iko tupu ndipo aendelee. Kwenye kisiwa cha katikati asimame mara ya tatu, na hapo mambo yanageuka: sasa magari yanatoka kushoto. Atembee, asikimbie, asimvute mwenzake kwa mkono. Kitu kikimdondoka barabarani akiache. Yule mtoto wako wa Jumanne angerudi kuokota begi tungekuwa tunaongea mengine. Mwambie mwanao kwa maneno yako mwenyewe kwamba daftari tutanunua jingine.

Mwambie pia ukweli wote wawili bila kumficha. Kwenye zebra sheria iko upande wake, na akiwa mkubwa aidai. Lakini mwili wake bado unaishi chini ya methali ile ya mwenye nguvu mpishe, na asubuhi hiyo akikutana na dereva asiyesimama, ampishe. Wapo wazazi wanaoogopa kwamba kusema hivi ni kumfundisha mtoto unyonge. Mimi naona ni kumpa muda wa kukua afike umri wa kudai.

Usimfundishie mezani. Nenda naye mwenyewe kwa miguu, Jumamosi mbili tatu, saa ile ile atakayokuwa anavuka. Mara ya kwanza wewe uongoze na useme kwa sauti unachokitazama. Mara ya pili yeye aongoze na aseme, wewe ukiwa nusu hatua nyuma yake. Utashangaa ni mambo mangapi huwezi kuyaona ukiwa kwenye usukani: kibanda cha vocha kinachoziba macho, mti, kituo cha daladala kilichowekwa kabla ya zebra hivi kwamba basi likisimama kushusha abiria linafunika kila kitu.

Na hayo utakayoyaona yaandike, kwa sababu makosa mengine si ya mtu, ni ya barabara. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaa ya mjini na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Hiyo ya kwenu ni ya TANROADS. Hapa Dar es Salaam kuna mradi unaoitwa SARSAI, wa shirika la Amend, ambao ulizunguka shule kwa shule kufanya mambo madogo: kuhamisha geti likatazame mtaa mtulivu, kuweka matuta, kutengeneza njia ya miguu, kuchora zebra mahali watoto wanapovukia kweli. Mwaka 2019 ukapata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na WRI, taasisi ya utafiti ya World Resources Institute. Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji daraja la mabilioni.

Kwa hiyo kaa na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muandike barua moja yenye mihuri yote miwili. Ombeni rasta, yaani vituta vidogo vidogo vilivyofuatana, na matuta kabla ya ile zebra, pande zote mbili, rangi ipakwe upya, na kituo kihamishwe kiwe baada ya zebra kama ndicho kinachoziba. Ambatanisheni picha zilizopigwa kwa kimo cha mtoto, simu ikiwa usawa wa kiuno chako, ili mhandisi aone anachokiona mwanafunzi wa darasa la tatu akiwa ukingoni. Wakati mnasubiri majibu, wazazi mpange zamu ya mtu mzima mmoja mwenye kizibao kinachong'aa na kibao cha SIMAMA, saa moja asubuhi na saa za kutoka. Muda wa kuyafanya hayo ni sasa, kabla Januari haijafika na yeye hajaanza kuvuka.